Mwandiko wa Zipora

Zipora wa Mpwapwa alikuwa mwoga, tusimsingizie ushujaa. Radi ikipiga alijifunika shuka gubigubi, na akimwona askari wa Mdachi kwa mbali alikata kona hata kama kisima kiko upande ule. Kitu kimoja tu kilimtia ukali: mwandiko. Yeye alijifunza misheni akiwa msichana. Alipofiwa na mume, aliwakusanya vijana tisa ambao shule hawakuiona kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, akawafundisha kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe lake. Aliyekosea alipaka udongo mbichi, akaanza upya. Waliziiga herufi zake mpaka mtu asingeweza kuutofautisha mwandiko wao na wake, na mama huyo akajiona kidume.

Ndipo mwaka ule wa ujenzi wa reli, barua ikakamatwa. Iliwaonya vijana wa kijiji cha jirani wajifiche, maana askari walikuwa njiani kuwakamata wakafanye kazi ya reli kwa nguvu. Akida Mustapha, mtu wa pwani aliyetawala pale kwa niaba ya Wadachi, aliwaita Zipora na wanafunzi wake barazani. Kila mmoja angeandika mstari, ulinganishwe na barua. Ambaye mwandiko wake ungefanana nayo, angefungwa mnyororo.

Zipora aliitupia jicho ile barua. Mwandiko ulikuwa wake, naye hakuiandika. Aliyeiandika hakumjua, wala kumjua kusingesaidia kitu: wote tisa wangeonekana ndio.

Aliitwa wa kwanza. Hofu ilimshika hadi vidoleni, kalamu ikaruka huku na huku, mstari ukatoka kama kuku amepekua. Akida akacheka, akauliza kama huyu ndiye mwalimu, akamwambia akae pembeni. Zipora akakaa. Kusema kweli alifurahi, alifurahi sana. Aibu ilikuja baadaye kidogo.

Kisha akaitwa Matonya, mkubwa wa wanafunzi, aliyekwisha kuambiwa mara mia asimwaibishe mwalimu wake. Alimtazama Zipora kwa uchungu, kwa kuwa amechekwa mbele za watu. Zipora akaelewa papo hapo: kijana huyu ataandika vizuri kuliko siku zote, ili amfutie aibu. Matonya akachovya kalamu kwenye wino.

"Bwana akida," Zipora akasema, "mara ya kwanza niliogopa. Nipe kalamu tena."

Bado aliogopa. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaandika polepole, herufi moja moja, kama alivyowafundisha. Akida akauweka mstari kando ya barua, akatazama huku, akatazama kule. Hakucheka tena. Aliwaambia vijana waende zao, mwandishi amepatikana.

Mnyororo ulipoletwa, Zipora alilia bila kujificha. Matonya alibaki amesimama, akafumbua kinywa kutaka kusema.

"Ng'ombe wanakungoja," Zipora akamwambia. "Nenda."