Kufa Basi, Nije Nile Wali

Kila mwaka nikifika onyesho la tatu la ile tanzia ya kale tunayosoma na kidato cha tano, huweka chaki chini. Mwanamke anamlaani mpenzi wake, anamwita sumu, anamwambia akafe. Habari ya kifo ikimfikia, huyo huyo anajitupa juu ya maiti. Wanafunzi wangu hapa Manundu hucheka. "Mwalimu, huyu dada anapenda au anachukia?" Nawaambia waandike yote mawili. Wanadhani nakwepa swali.

Mimi ni Mzigua wa Kang'ata. Niliyempenda alikuwa Msambaa, fundi cherehani wa Old Korogwe, kwa hiyo tulikuwa watani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mtani hakasirikiwi. Siku ya kwanza aliponipima gauni alisema Wazigua hatuna viuno, tuna magunia ya mahindi. Nikamjibu kwamba Wasambaa hushuka milimani wakishachokwa na ndizi zao wenyewe. Miaka miwili tulipendana hivyo, kwa kutukanana, bila mtu kujua. Hakuwahi kuniita mpenzi, wala mimi sikumwita. Kiburi tu, naona sasa. Nilidhani maneno matamu ni ya watu wasiojuana.

Jioni moja alikuja kwangu, amekonda, suruali imemlegea. Nilijua anaumwa figo. Sikujua kama amekata tamaa. Akaketi kizingitini.

"Mzigua, nikifa utanililia?"

"Kufa basi, nije nile wali."

Akacheka kidogo. "Leo nakuuliza kweli."

Mjinga mimi, nikaona hapo ndipo utani umenoga. "Na mimi nakujibu kweli. Tena nitataka paja la kuku."

Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaniaga vizuri. Wiki ya tatu akafa.

Msibani mama yake alinipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono. "Marahaba. Afadhali mtani umekuja. Tuchekeshe, mwanangu asindikizwe vizuri."

Ningemwambia nini? Nilivaa koti la marehemu, nikatundika futi yake ya kupimia shingoni, nikatembea kama yeye, bega moja chini. Waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Jeneza lilipotolewa nikajilaza njiani, kama mila inavyotaka, lisipite mpaka mtani apewe chake. Nililala pale kwenye vumbi nikitamani wasinipe kitu, abaki.

Mama yake akaja na sahani ya wali. Juu yake paliwekwa paja la kuku.

"Aliniagiza mwenyewe," akasema. "Alisema mtani wake Mzigua atakuja kudai paja, asinyimwe."

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinihukumu. Nikiwa jikoni peke yangu humuuliza kwa sauti, na nikipita mahali penye cherehani husimama kusikiliza, mtu mzima mimi, kana kwamba atajibu. Nilimpenda. Hayo ndiyo niliyotakiwa kumwambia pale kizingitini, na yalikuwa mepesi kuliko matusi yote yale.

Siku ile niliketi katikati ya njia, jeneza likinisubiri, nikalila lile paja mpaka mfupa, machozi yakidondokea wali. Watu wakapiga makofi. Wakasema mtani huyu anajua kuigiza kilio.