Alhamisi za Nesi Edvina

Katika vijiji vya upande wa Kimuli, mtu yeyote mwenye gauni jeupe na sindano mkononi anaitwa dokta. Edvina Kokubanza alilikataa jina hilo kwa miaka minane ya kwanza, kisha akachoka. "Mimi ni nesi, waitu, ndugu zangu," alikuwa akiwaambia. "Dokta ni yule wa chumba cha pili." Watu walitikisa vichwa kwa adabu, wakajibu, "Tumeelewa, dokta." Sasa utawafanya nini watu wa namna hiyo?

Tofauti kati ya wale wawili haikuonekana kwa macho, ilikuwa kwenye makaratasi. Edvina alikuwa muuguzi mkunga mwenye leseni ya baraza la wauguzi. Leseni hiyo ilimruhusu kuzalisha, kuchanja, kusafisha vidonda, na kumchoma mgonjwa sindano iliyoandikwa na mwingine. Kuandika dawa yeye mwenyewe hakuruhusiwa. Hiyo ilikuwa kazi ya tabibu, na tabibu wa zahanati ile alikuwa mmoja tu. Aliitwa Leonadi, mtu wa maneno matamu, aliyependa wagonjwa kiasi na ng'ombe kupita kiasi.

Ng'ombe wake walikuwa Nyakakika, kule kwenye nyasi, na siku ya mnada ilikuwa Alhamisi. Basi kila Jumatano alasiri Leonadi aliketi na kitabu cha karatasi za dawa, akasaini karatasi arobaini tupu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua maharage. Akimaliza humwita mwenzake. "Dada Edvina, hizi za kesho. Wewe unajua ninachokijua, na kingine cha ziada. Jaza tu."

Naye alijaza, kwa miaka kumi na moja. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyeona kosa. Huku kwetu mwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, akisafiri huacha neno kwamba mkungu ule wa kule chini ukikomaa ukatwe. Akishasema amesema, na nani atashika panga si hoja ya mtu. Edvina alikulia kwenye migomba hiyo, na ndivyo alivyoziona zile karatasi: ruhusa imekwisha kutoka, yeye ni mkono tu. Wapo akina mama waliovumilia homa tangu Jumanne ili waje Alhamisi, kwa sababu Edvina alikuwa anasikiliza hadi mwisho. Na katika Alhamisi zote hizo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyedhurika kwa dawa aliyoiandika. Nalisema hili mapema, maana baadaye hakuna aliyeliuliza.

Kilichomponza ni tarehe. Leonadi alikuwa amemshauri mara nyingi aandike ya Ijumaa, siku ambayo yeye tabibu anakuwapo. Edvina alikataa katakata. Chuoni alifundishwa kwamba tarehe ni ile ambayo dawa imeingia mwilini mwa mgonjwa, na siku ikipotea, mgonjwa naye amepotea. Aliweza kuandika chini ya saini ya mtu mwingine, lakini kuandika siku isiyo yenyewe hakuweza. Kila mtu ana mpaka wake katika uongo, na wake ulikuwa hapo.

Mwezi wa tano akaja mkaguzi kutoka wilayani, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alichambua karatasi za miezi mitatu huku akinywa chai. Alipofika kwenye Alhamisi moja akaweka kikombe chini. Karatasi thelathini na moja, zote zina saini ya Leonadi. Na Alhamisi ile Leonadi hakuwapo zahanati, wala hakuwa mnadani. Alikuwa kwenye semina, safu ya mbele, na aliyekuwa akifundisha semina hiyo ni mkaguzi mwenyewe.

"Mwandiko huu ni wa nani?" aliuliza.

"Wangu," alijibu Edvina.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Leonadi alifika nyumbani kwa Edvina. Alipewa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, akaishika tu kiganjani.

"Dada yangu," alisema, "ukisema nilikupa, tutaondoka wote wawili. Zahanati itafungwa. Hawa watu watakwenda wapi? Mmoja wetu akibaki, angalau wana mtu."

"Na huyo wa kubaki ni wewe."

"Mimi ndiye ninayeandika dawa, Edvina. Wewe ukibaki, utaandika kwa ruhusa gani?"

Neno lilimchoma, lakini alikuwa amesema kweli. Edvina hakumhurumia Leonadi, tusimpambe kwa hilo. Aliwawaza akina mama wenye watoto migongoni wakikuta kufuli mlangoni, na hilo hakuliweza. Akamwambia aende kwa amani.

Kikao cha nidhamu kilikaa mjini, meza ndefu, watu watano. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, mkunga mzee, alimuuliza mara mbili, kwa sauti ya mtu anayetaka kumsaidia: "Mwanangu, una hakika hukupewa karatasi hizi na mtu?" Edvina akasema alizichukua mezani mwenyewe, bila idhini. Mkunga mzee alishusha pumzi, akaandika. Leonadi alipewa onyo kwa kuacha karatasi zenye saini ovyo. Edvina alisimamishiwa leseni miaka miwili, asiguse kazi yoyote ya uuguzi. Akikutwa anatibu, jina lake lingefutwa kabisa.

Alirudi, akavua gauni, akashika jembe. Na Leonadi, yule aliyebaki ili watu wawe na mtu, alibaki miezi mitano. Kisha ukatokea uhamisho karibu na Nyakakika, akaupokea kwa mikono miwili. Hakupita kuaga. Zahanati ikaachwa na Yustus, mhudumu aliyefagia, aliyepima watoto uzito na kutunza funguo, pamoja na nesi wa kuazima aliyekuja Jumatatu na Ijumaa pale barabara ilipomruhusu. Watu waliambiwa tabibu mpya yuko njiani. Njia hiyo ilikuwa ndefu kweli, maana zaidi ya mwaka ulipita bado anakuja.

Wagonjwa hawakuacha kufika nyumbani kwa Edvina. Aliwatoa uani kwa maneno ya upole, akaingia ndani akafunga mlango, akalia. Wengine walinuna. Bibi mmoja alimwambia waziwazi kwamba amekuwa mwenye roho mbaya tangu asafiri mjini.

Ilipobaki miezi saba adhabu iishe, mvua za Novemba zikiwa zimeshika, Asiimwe alikuja. Ilikuwa Jumatano mchana. Asiimwe alikuwa binti wa jirani, na Edvina ndiye aliyempokea duniani miaka ishirini na miwili nyuma. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Ainembabazi, wa miezi tisa. Nyuma yake alikuja Yustus, ameshika ufunguo.

"Shikamoo mama," alisema Asiimwe. "Hanyonyi tangu asubuhi."

Edvina alikuwa amejiandaa kusema yale maneno yake ya upole. Badala yake akaifunua kanga. Mbavu za mtoto zilikuwa zinazama ndani kila akivuta pumzi. Alihesabu pumzi kwa saa ya mkononi dakika nzima: sabini na mbili, nyingi mno. Tundu za pua zilikuwa zinatanuka. Hakuhitaji kitabu kujua kuwa ni nimonia. Alijua jina la dawa, alijua kipimo kwa uzito ule, alijua sindano ya kwanza inatakiwa kuingia hapohapo kabla mtoto hajapakiwa kwenda popote. Aliijua kama Baba Yetu.

"Mama," alisema Yustus kwa sauti ya chini, "dawa ipo. Nafungua mlango, wewe unachoma, tunafunga. Mimi sijaona kitu. Asiimwe hajaona kitu."

Asiimwe alikuwa akiitazama mikono ya Edvina.

Edvina alimjua Yustus. Moyo wake ulikuwa safi na mdomo wake haukuwa na mlango; kabla ya Jumapili kanisa zima lingekuwa na habari, na habari ingefika wilayani ikiwa imevaa viatu. Miezi saba tu. Baada ya hapo angekuwa na miaka kumi kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo ni watoto wangapi wangeletwa wakihema hivi, na nani angewachoma kama jina lake limefutwa? Alipiga hesabu hiyo pale uani, mtoto akiwa mapajani. Ilikuwa hesabu nzuri, isipokuwa mtoto aliye mapajani hakuwamo.

"Ita pikipiki," alimwambia Yustus. "Twende kituo cha afya. Nitakwenda nao."

Yustus alisimama kidogo na ufunguo wake. "Ni saa nzima, mama. Na tope hili?"

"Ita pikipiki, Yustus!"

Walipanda, Edvina na Asiimwe nyuma ya dereva, mtoto katikati. Edvina alikuwa ameweka mkono chini ya kanga, kiganja juu ya kifua kile kidogo, na njia nzima aliendelea kuhesabu. Mara mbili walishuka kusukuma. Kwenye mteremko wa pili pikipiki ililala, dereva akaangukia mkono, akainuka akiomba msamaha. Pumzi zilianza kupungua. Mtu asiyejua angefurahi kuona mtoto ametulia. Edvina alijua kwamba mtoto amechoka kuhema.

Kifua kilipoacha kupanda, alimsimamisha dereva kwa kelele. Alimlaza mtoto kwenye nyasi za kando ya barabara, akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akampulizia, akabonyeza kifua kwa vidole viwili, akapulizia tena. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya uuguzi, na pale barabarani hakukumbuka leseni wala kikao. Alifanya hivyo mpaka dereva akamshika bega. "Basi, mama," alisema dereva. "Basi."

"Mawe!" alilia Asiimwe, kilio chetu cha kumwita mama. "Mawe, mwanangu!" Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki, akakataa kurudi. Alisema wamesema wanakwenda kituo cha afya, na watakwenda. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbishia.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mchovu, mwenye macho mazuri. Alimpima mtoto kwa heshima kana kwamba bado kuna la kufanya. Akafunga kanga, akavuta daftari. Akauliza, bila ubaya wowote, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya jibu hilo: "Huko mlikotoka hakupata hata sindano ya kwanza?"

Edvina alifungua mdomo. Asiimwe akamtangulia.

"Hapakuwa na mtu," alisema.

Daktari akaandika. Edvina alikuwa amesimama palepale, bega lake likigusana na la Asiimwe. Mpaka leo hajui kama binti yule alikuwa anamkinga au anamhukumu. Amelitafuna neno hilo usiku na mchana, akilima, akipika, akiwa kanisani wenzake wakiimba. Kumwuliza hathubutu.

Walimzika Ainembabazi kwenye kibanja, karibu na mibuni. Jina lake maana yake ni kwamba Mungu ana huruma, na mchungaji alilitaja sana. Asiimwe hakumnunia Edvina. Wakikutana njiani alimwamkia kama kawaida, shikamoo yake yote, na Edvina aliitikia marahaba. Angemtukana ingekuwa nafuu. Maji yakimwagika hayazoleki, watu walimwambia, na yeye aliitikia tu, maana wasemao hivyo si waliokuwa wameshika kibuyu.

Mwezi wa sita barua ikaja. Ilikuwa na mistari minne. Leseni ya Edvina Kokubanza imerejeshwa, anaruhusiwa kuendelea na kazi za uuguzi na ukunga kwa mujibu wa sheria. Kuhusu kuandika dawa, hakuna kilichobadilika. Aliisoma amesimama, akaikunja, akapiga pasi gauni jeupe lililokuwa limemlegea kiunoni.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Kijiji kilimpokea kwa vigelegele. Yustus alikuwa amepanga benchi na kufagia mara mbili. "Dokta amerudi!" walisema, naye hakubisha. Alipima, aliandika, aliita jina, alipima tena. Mikono ilikumbuka kila kitu.

Wa sita katika foleni alikuwa Asiimwe, na tumbo la miezi minne.

Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono upimwe presha. Edvina akapima. Ilikuwa nzuri. Akachukua kadi mpya, na kadi ya kliniki ina maswali yake yaliyochapwa, kila mjamzito huulizwa hayohayo, huwezi kuruka hata moja.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Umejifungua mara ngapi?"

"Moja."

Kalamu ilikwama kwenye mstari uliofuata. Nje akina mama walikuwa wakicheka jambo fulani na Yustus. Edvina alijaribu kuandika bila kuuliza, ikashindikana, mkono haukutii. Akainua macho.

"Watoto walio hai?" aliuliza.

Asiimwe alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala kisasi, ila uchovu wa mtu anayeulizwa kitu na ajuaye jibu.

"Si ulikuwepo, mama," alisema.

Edvina akaandika sifuri. Akasubiri wino ukauke, kisha akaendelea na swali lililofuata.