Betri Chini ya Blanketi

Kisiwa cha Bwejuu unaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja na bado ukawahi chai. Mimi niliyeolewa huko kutoka Baleni, kwenye kisiwa kikubwa cha jirani, nilipewa kipande kidogo kuliko hicho: chumba cha ndani kisicho na dirisha, pamoja na betri ya boti.

Mume wangu alikuwa amechoshwa na petroli. Akanunua mota ya umeme ya boti yake ndogo ya kuvulia, na betri ya lithiamu ya kuiendesha. Kabla sijaolewa nilikuwa nikitengeneza simu na redio kwenye kibanda cha mjomba wangu pale Kilindoni, kwa hiyo kazi ya waya ikawa yangu. Niliifanya kwa raha, sikatai. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, fyuzi karibu na betri, swichi ya kuzimia, kisha nyaya za sola zinazoshuka kutoka juu ya bati. Kila skrubu niliipuliza kabla ya kuikaza, chumvi isije ikabaki. Majirani walinisifu mpaka mama mkwe akaingiwa na hofu.

Alikuwa akiogopa kijicho. Kitu kipya hakianikwi mbele za watu, hilo hata kwetu Baleni tunalijua. Mimba changa haitangazwi. Lakini mama mkwe alipitiliza. Betri ikichajiwa alitaka iwe katika chumba cha ndani, imefunikwa blanketi, mlango umefungwa. Na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyesema betri ya namna hii haiachwi peke yake ikiwa kwenye chaji, nikafungiwa nayo. Mdomo wangu uliniponza. Bati juu linawaka, jasho linanitiririka, na nje nawasikia wenzangu wakitoka kuvuna mwani wanacheka.

Kila nikiomba kwenda kwetu, mama mkwe huuliza, "Na betri atachaji nani?" Mume wangu huinamisha kichwa. "Mimi nyaya siziwezi," husema. "Nitaunguza nyumba."

Kisha ikaja simu kwamba mama yangu ameteleza kisimani, kavunjika nyonga, amelala na ananiulizia. Mume wangu akasema tutaondoka maji yakijaa. Betri ilikuwa imetoka kuvulia, haina kitu. Nikaingia ndani nayo.

Taa ya kijani ya chaji ikawaka, ikazimika. Nikakagua fyuzi, nikakaza skrubu, ikawaka, ikazimika tena. Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Maji yalikuwa yanapanda ufukweni, na yakianza kutoka boti ingekaa mchangani mpaka kesho. Nikaweka mkono chini ya blanketi. Betri ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji. Betri hizi zina kinga ndani yake. Zikizidiwa na joto hukataa kupokea chaji. Ilikuwa imegoma, jambo ambalo mimi sikuwahi kulithubutu.

Nikalitupa blanketi, nikafungua mlango, nikaibeba hadi barazani penye upepo na kuiunganisha upya.

"Unaianika!" mama mkwe akapiga kelele.

"Mama, humo ndani haijai, na mama yangu ananisubiri."

"Watu wataiona!"

"Waione, mama. Na mimi wanione."

Akapita jirani mmoja na ndoo yake ya mwani, akatazama, akasema mashallah, akaenda zake. Taa ikakaa kijani mpaka tulipoondoka.

Katikati ya maji mota ikanyamaza. Mimi ni mtu wa mihogo. Bahari hunitoa roho. Nilikuwa nimeinamia ubavu wa boti natapika, siwezi hata kuinua kichwa, mawimbi yanatupeleka yatakako. Nikasema basi, mama sitamwona.

Mume wangu akazima swichi. Akafungua kisanduku cha betri, akaugusa waya mwekundu, akaukuta umelegea. Akaitoa skrubu, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akaipuliza, kama ninavyopuliza mimi, akaikaza na kuwasha. Mota ikaitika.

Nikafuta mdomo. "Kumbe unajua."

Hakunitazama. "Nilikuwa nakuangalia tangu siku ya kwanza."

"Mbona ulisema huwezi?"

Akaielekeza boti Kilindoni. "Ningesema naweza, ungekaa?"

Ningekaa. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimpenda, nilikuja Bwejuu kwa miguu yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kukaa. Sikumwambia. Nilitazama minazi ya Kilindoni ikikaribia, nikiwa na hasira na huruma pamoja.

Ufukweni alinishika mkono nishuke, akanipa begi langu, akasimama ndani ya maji.

"Utarudi lini?"

"Betri unaweza kuichaji mwenyewe," nikamwambia, nikapanda barabarani kutafuta bodaboda ya kwenda Baleni.