Laini ya Marehemu

Baba alituachia pikapu aliyokuwa akibebea vitanda na vinyago kutoka karakana za mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Mama hakujua kuendesha, nami sikutaka kujifunza. Mwanamume mmoja wa mtaa wa Fedha alikubali kuinunua, mradi tu isajiliwe kwa jina lake.

Gari halingeweza kuhamishwa kabla akaunti ya kodi ya Baba haijafungwa, basi tulikwenda ofisi ya kodi na cheti cha kifo, barua ya chifu na karatasi za mahakama. Tulipanga foleni tangu asubuhi, na tulipofika dirishani ilikuwa saa saba. Karani, kijana nadhifu mwenye tai, aliangalia kompyuta yake.

"Huyu mzee hakufaili ritani ya kodi mwaka jana."

"Mwaka jana alikuwa ameshakufa," Mama alisema.

"Sistimu haijui hayo, mama. Imempiga faini. Failini kwanza, ndipo tuifunge akaunti. Ombeni namba ya siri, itatumwa kwa simu yake."

Nilimweleza kwamba laini ya Baba tuliiacha ikazimwa.

"Basi abadilishe namba. Aje mwenyewe na kitambulisho."

"Nikamfukue?" Mama akauliza.

Karani alicheka. Watu nyuma yetu wakacheka pia, na mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mathe, si utoke hapo! Sisi wote tuna shida!" Mama alikusanya karatasi zake moja moja. Moja ilianguka, na hakuna aliyemwokotea. Hata mimi sikuiokota. Niliona aibu kuonekana naye.

Huko nje nilimwambia aipige ile namba ya Baba, kwa kuwa nilikuwa nimesikia laini zilizozimwa huuzwa upya. Kweli, ikaita. Msichana akapokea. Mama alifungua kinywa, akaanza kulia. Nikamnyang'anya simu.

"Dada, samahani, hiyo laini ilikuwa ya marehemu baba yangu. Kuna namba ya siri itaingia hapo, tafadhali nisomee."

Nilijisikia nikiongea kama tapeli hasa.

"Nyinyi matapeli, mnanipigia mkiwa jela gani?" msichana akauliza. "Na huyo mama mmemfunza kulia, anajua kazi yake." Akakata. Tulipojaribu tena, alikuwa ameifungia namba yetu.

Nikamgeukia Mama papo hapo, watu wakipita. "Ungejua kunyamaza, angetusomea!"

Alifuta uso kwa ncha ya leso, akatangulia kwenda stejini kungoja matatu.

Tulirudi ofisi ya kodi mara tatu. Kila dirisha lilitutuma kwa dirisha jingine, na kila mara nilimhimiza Mama aongee upesi. Mnunuzi alichoka, akajitafutia gari jingine. Pikapu ikabaki nje ya ploti tuliyoishi. Vioo vilianza kuondoka, kisha betri, kisha magurudumu, na jirani zetu hawakuona chochote. Mwishowe wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja na mtungi wa gesi, wakaikata vipande. Mama alikaa mlangoni akachambua maharagwe hadi walipomaliza.

Mwaka huu aliitwa na ofisi ya kodi, safari hii kuhusu kodi ya kibanda chake cha mboga. Nilivaa viatu nikasimama mlangoni kumsubiri.

"Kaa tu," aliniambia. "Nitaenda na mwenzangu wa kanisani. Wewe una haraka."