Mama Spana alivyoyapima magari mawili ya mbio

Saa mbili asubuhi. Mama Spana anazipuliza glavu zake nene za mpira kama puto, ahakikishe hazina tundu, kisha anazivaa na kuinama juu ya gari jekundu la mbio, la milango miwili. Anakata umeme wa betri kubwa, anasogea nyuma, na kusubiri dakika kumi bila kugusa kitu, umeme uliobaki ndani uishe.

"Petroli ikitaka kukudhuru, utasikia harufu," anasema. "Umeme hauna hodi."

Ana miaka hamsini na miwili. Thelathini ameimaliza kwenye injini za petroli, katika gereji anayoimiliki pamoja na kaka yake. Sifa yake ilikuwa sikio: mteja akiwasha gari, yeye alitaja ubovu kabla boneti haijafunguliwa.

Miaka miwili iliyopita, daktari mmoja wa watoto alifika na gari hilo jekundu likiwa juu ya lori. Lilikuwa limemzimikia akimkimbilia mgonjwa. Mama Spana alitega sikio. Kimya.

"Nilimwambia, dada yangu, nisikudanganye, hili silijui," anakumbuka.

Walipolichaji, likawaka. Halikuwa na ubovu wowote. Daktari alikuwa amekimbiza sana, na chaji ikaisha mapema kuliko alivyotarajia. "Kumbe nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye gari lenye njaa," anasema Mama Spana na kucheka.

Daktari hakucheka. Mgonjwa wake alikuwa amehudumiwa na mwenzake, lakini hofu ilimwingia. Kaka yake Mama Spana naye alikuwa na gari lake la mbio la petroli, alilotaka kuliuza. Akamshawishi daktari alichukue. "Gari lisilonguruma ni pasi ya nguo yenye magurudumu," alimwambia.

Daktari akamgeukia Mama Spana. "Ningekuwa mdogo wako wa tumbo moja, ungeniambia nichukue lipi?"

Mama Spana aliomba apewe magari yote mawili kwa wiki moja.

Siku sita aliyaendesha kwa zamu katika njia ya daktari: nyumbani hadi hospitali na kurudi, kilomita thelathini na nane, mlima mmoja, matuta kumi na moja. Matuta yaliyakwaruza yote mawili tumboni bila upendeleo. La umeme lilipanda mlima kama linateremka, na kila siku lilitumia chini ya robo ya chaji. La petroli lilimpeleka kwenye foleni ya mafuta mara mbili.

Siku ya saba alilitoa la umeme barabara kuu, akalikimbiza. Dashibodi ilimwahidi kilomita mia tatu na arobaini kwa chaji iliyojaa. Gari likampa mia mbili na kumi.

Alimpa daktari jibu mbele ya kaka yake. "Baki na lako. Kwa kazi zako za kila siku linakutosha na kubaki. Ila safari ndefu usiiamini ile namba, na matairi yataisha upesi kwa sababu betri ni nzito."

Kaka yake alimnunia siku tisa. Katika siku hizo Mama Spana alijinunulia glavu za kazi ya umeme. Siku ya kumi akauliza, kama anayeulizia hali ya hewa, "Hizo glavu zinauzwa wapi?"

Baada ya hapo Mama Spana alisomea umeme wa magari kwa miezi sita, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Leo, katika kila magari matatu anayotengeneza, moja ni la umeme. Hata hivyo, mwezi uliopita alimshauri mfanyabiashara mmoja abaki na petroli, kwa kuwa husafiri kilomita mia tano kupitia sehemu ambako hakuna pa kuchajia. "Sijaolewa na umeme wala petroli," anasema.

Mwezi ujao anaanzisha darasa la Jumamosi kwa mafundi waliovuka miaka arobaini. Kumi na wawili wamejiandikisha.

"Wanaona haya kuuliza," anasema. "Mimi pia niliona. Waje waniulize mimi, sitamcheka mtu."