Vinundu Sita vya Pasheni ya Mama

Kinachoonekana kwanza kwa muuza miche huyu ni kidole gumba chake, kinachopapasa kila shina kabla macho hayajalitazama. Tangu pasheni kubwa ya marehemu mama yake ikauke pale mlangoni, ametafuta nyingine ya aina ile hadi amechoka. Mara mbili amepanda na kupalilia, na mara mbili amevuna pasheni ya aina nyingine, jamaa yake tu.

Mche wa safari hii una shina la pembe nne, kwa hiyo si pasheni ya kawaida, yenye shina la mviringo. Lakini pasheni ya mama ina ndugu mwenye pembe vilevile. Kinachowatenganisha ni vinundu kwenye kikonyo cha jani: pasheni ya mama ina sita, ndugu yake ana vichache. Na majani yote ya mche huu, hadi vikonyo, yameliwa na mbuzi wa jirani.

“Wifi, pasheni ni pasheni tu,” mke wa kaka yake alimwambia.

“Mimi na dada yangu tuna pua moja, wifi. Mbona hujawahi kunichanganya naye?”

Muuza miche akajikokota, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye ncha ya shina, jani jipya lilikuwa bado limejikunja. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Huenda kesho litafunguka.