Jino la Mbele la Maalim Kaltun

Maalim Kaltun amewafundisha wasichana wa Garissa kusoma Kurani tangu kabla hajapata mtoto wake wa kwanza. Duksi yake, yaani madrasa yake, ni banda la mabati nyuma ya nyumba, na kazi yake yote imo mdomoni. Kuna herufi ambazo ulimi usipogusa ncha za meno ya mbele hazitoki, na Kaltun hakubali herufi nusunusu. Ndiyo maana fizi zilipoanza kumtoka damu alishikwa na hofu asiyoipata hata alipokuwa na uchungu wa kuzaa.

Zilianza mwaka uleule hedhi ilipokoma. Wenzake walimpongeza: sasa atafunga Ramadhani yote bila deni. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili ungewaka moto ghafla, usingizi ungemkimbia na mdomo ungekauka. Alipolalamika joto, mumewe Dagane alicheka, akamuuliza ni nani asiyetoka jasho Garissa. Kucheka ni rahisi kwa mtu ambaye fizi zake ni nzima.

Akaenda kliniki ya meno. Tabibu aliuliza habari za sukari, akauliza tumbaku, akasahau kwamba aliyeketi mbele yake ni mwanamke. Kaltun alipojikaza na kutaja hedhi, kijana wa watu akageuza uso, akasema hayo apeleke kliniki ya akina mama. Huko nako muuguzi akamwambia hapa ni pa wajawazito, na meno si kazi yao. Akarushwa huku na huku hadi jino moja la mbele likalegea, na dawa pekee aliyopewa ikawa koleo.

Mwezi uliofuata tabibu akataka kung'oa na la jirani. Kaltun akainuka kitini.

"Daktari, mdomo na tumbo iko kwa mtu moja," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanaume waliokuwa benchini nje. "Huyo mtu ni mimi. Hedhi ilikoma, fizi ikaanza kutoka damu. Wewe hukutaka kusikia."

Aliyesikia ni Leyla, daktari mpya wa meno, kutoka chumba cha pili. Alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba homoni zikipungua, mate hupungua, fizi huvuja damu upesi, na uchafu uliojificha chini yake hula mfupa unaoshika jino. Fizi zingesafishwa hadi chini. Yale majoto nayo yana dawa za homoni, ambazo daktari wa wanawake angeamua kumpa au la akishampima presha na kuuliza habari za saratani katika ukoo wao.

"Na hili lililotoka?" Kaltun akauliza.

Leyla hakumficha. "Naona lingebaki, eeddo," alimwambia, akimwita shangazi kwa heshima. "Lilitaka kusafishwa tu."

Meno yaliyobaki yalisafishwa, yakashika. Kaltun akarudi duksini, akakuta wasichana wadogo walioanza juzijuzi wakisoma Suratun-Nas. Kila mwisho wa aya, penye herufi sin, walitoa mluzi mwembamba, na midomo yao imejaa meno. Akadhani wanamkejeli, akakunja uso. Kisha akaona jinsi walivyo makini: walikuwa wanasoma vilevile anavyosoma maalim wao mwenye pengo.

Akaketi chini. Hasira iliyompanda haikuwa ya watoto hao. Akamwita Arbia, mwanafunzi wake mkubwa aliyejifunza kabla jino halijang'olewa, akamwambia aongoze yeye, na wadogo wamfuate Arbia, wasimfuate maalim.